Maswali ya Kogo

Chuo cha Walimu, Uingereza
13 Oktoba 1957

Mama Chepkemoi,

Barua hii ikukute umeketi, ingawa najua huketi. Mimi nimefika salama. Baridi ya huku si kama ile ya Mau inayoondoka jua likitoka. Hii inakaa nawe kutwa kama mgeni asiyejua kuaga.

Masomo yameanza. Tuko wanafunzi ishirini na sita kutoka ng'ambo, wote walimu, na kila Jumamosi chuo kinakodi basi na kutupeleka kuona mambo ya kale ya nchi hii. Wanasema mwaka mmoja ni mfupi, tusirudi kwetu tumeona darasa tu. Jana tulipanda kilima kwenye ngome ya miaka mia saba. Ukuta wake ni mnene kuliko upana wa nyumba yetu ya shule. Nilisimama juu pale nikatazama mashamba, nikajiambia, mtoto wa Olenguruone, ni nani aliyekufikisha hapa? Nikajijibu: ni wewe uliyekubali. Nimekuacha na mimba, na mtoto wa miaka minne, na shamba, na hukunung'unika. Nashukuru. Nitashukuru mpaka nizeeke.

Nisalimie Mama ukipata mtu wa kwenda Olenguruone.

Wako,
Kipkemei


Njoro
29 Oktoba 1957

Baba Chepkemoi,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, na mara ya pili nimeketi, kwa vile uliagiza.

Salamu za Mama hazikwenda mbali, maana yuko hapa jikoni kwangu. Alishuka kutoka Olenguruone na lori la mbao wiki jana, akiwa na kibuyu chake cha maziwa mapajani kama mtoto. Anasema atakaa hadi Krismasi, mpaka miguu yangu iache kuvimba. Chepkemoi anamwita Kogo, nyanya, na mimi pia nimeshaanza kumwita hivyo. Ukiona nimeandika Kogo, ujue ni mama yako.

Nilimsomea barua yote. Nilipofika kwa ile ngome alininyamazisha na mkono. Akauliza, "Juu ya kilima? Na maji walitoa wapi?"

Nikamwambia hukuandika habari ya maji. Akanitazama kama ni mimi niliyekosa. "Mtoto wangu amepelekwa mbali hivyo kuonyeshwa mawe, na hakuuliza maji?"

Kwa hiyo uliza. Hatapumzika, na mimi pia sitapumzika.

Sisi ni wazima. Wangare, jirani yetu, ananichotea debe la pili la maji kila asubuhi bila kuombwa. Mumewe Karanja hajarudishwa kutoka kizuizini, na yeye mwenyewe hawezi kuvuka reli bila pasi ya serikali, lakini bado anapata nguvu ya kunibebea mimi maji. Ukisali huko umtaje.

Na usiniandikie kuta peke yake. Andika kama unakula.

Mimi,
Jerop


Chuo cha Walimu
24 Novemba 1957

Mama Chepkemoi,

Ninakula. Viazi, kabichi, viazi tena.

Mwambie Mama swali lake limeniletea heshima. Jumamosi moja tulikuwa kwenye ngome nyingine, na yule mzee anayetuongoza alikuwa anatuonyesha kiti cha mfalme. Nikauliza: maji walitoa wapi? Akatutoa kwenye kile chumba kikubwa, akatupitisha nyuma ya jiko, akafunua mbao. Kisima, futi mia mbili kwenda chini, kimechimbwa kwa mikono ndani ya mwamba. Akatupa jiwe. Nilihesabu mpaka tano kabla halijalia. Alisema ana miaka tisa katika kazi hii, na wageni wote huuliza mfalme alilala wapi.

Sasa nikuchekeshe. Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwenye nyumba ndogo ya makumbusho, yenye vitu vilivyoletwa na maofisa wa zamani kutoka kila nchi. Nyuma ya kioo, katikati ya panga na kinyago, nikaona kibuyu. Kibuyu chetu kabisa, na mkanda wake wa ngozi wenye kauri, na kile kijiti chake, sosiot, kimelazwa kando yake. Kadi ilisema: "Kibuyu cha pombe na fimbo ya mganga. Afrika ya Mashariki." Nikasema kwa sauti, hiyo si ya pombe, ni ya maziwa. Missi Pell anayetunza nyumba ile alifurahi mno, akaniomba niwaeleze wote.

Hapo nikakwama. Nimekunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, miaka ishirini na saba, na sijawahi kuona kibuyu kinatengenezwaje. Mama alinifukuza jikoni, na wewe ukaendelea pale alipoachia. Lakini macho yote yalikuwa kwangu. Nikasema ule mkaa wa ndani hutiwa na wazee siku ya baraka, na kile kijiti hutikiswa kuita mvua. Wakapiga makofi. Missi Pell akaandika kila neno, na sasa kadi mpya imepigwa chapa, na jina langu chini yake. Mwenzangu wa Ghana ananiita Mleta Mvua. Huku kunanyesha kila siku, na kila siku ananiomba nikiweke kijiti chini.

Kipkemei


Njoro
9 Desemba 1957

Baba Chepkemoi,

Kogo alicheka mpaka akakohoa, na akakohoa mpaka nikaweka barua chini nikamsugua mgongo. Alipopata pumzi alisema, "Wazee? Mzee gani aliwahi kuosha kibuyu?" Halafu hakucheka tena.

Mimi sikucheka hata mara ya kwanza. Sosiot ni ufagio. Ninaushika kila asubuhi kabla kuku hawajatoka, nikiwa na mimba mbele na Chepkemoi ananivuta nguo nyuma. Sasa watu wa Uingereza wanasoma kwamba kazi yangu ni ya wazee, tena si kazi, ni uganga. Na mtu aliyewaambia ni mume wangu.

Sikiliza sasa, Kogo ameketi hapa ananisahihisha. Kibuyu unakiosha kwa maji ya moto, unakisugua ndani kwa sosiot, ule mti wa mtende uliopondwa ncha ikawa nyuzi nyuzi. Unakianika kikauke sawasawa, kikibaki na unyevu maziwa yananuka. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, unalitia ndani, unaliponda kwa sosiot ukizungusha, unazungusha, mpaka ukuta wote wa ndani uwe mweusi na moshi ukuingie machoni. Unakung'uta vumbi. Maziwa yaliyochemka na kupoa unayatia, unafunga, unaweka mahali ambapo mtoto hafiki. Siku tano, na wiki ni bora. Kogo anasema mkono wenye haraka unajulikana kwenye ulimi. Alinirudisha mara tatu jana, mimi na miguu yangu hii.

Utarudi pale na kusema ulikosea. Si kwa siri. Uliposemea ndipo utakaposahihishia.

Kogo anaondoka wiki ijayo kula Krismasi kwa shemeji Kimaiyo. Kile kikohozi sikipendi, lakini hasikii la mtu. Kibuyu chake ameniachia.

Jerop


Olenguruone
14 Januari 1958

Kwa shemeji Jerop,

Mkono ni wa Waithaka, karani wa duka, lakini maneno ni yangu mimi Kimaiyo.

Mama ametuacha Jumapili alfajiri. Ni kile kifua. Tulimzika jana. Hatukukuita kwa sababu ya hali yako, na lori halipandi huku hadi Ijumaa.

Siku mbili kabla alimtaja Kipkemei. Alisema, "Asiitwe kabla hajamaliza." Kwa hiyo nakuagiza kama mkubwa wa nyumba: usimwandikie habari hii. Akijua atapanda ndege, na nafasi kama ile haitarudi kwa mtu wa kwetu. Akija mwezi wa saba nitamwambia mwenyewe, na lawama nitaibeba mimi.

Pole sana. Alikuwa akikusifu. Alisema mkono wako umekaribia kuwa mkono.

Kimaiyo


Njoro
21 Januari 1958

Shemeji Kimaiyo,

Nimepata. Nililia mpaka Wangare akaingia bila hodi, akanishika, akapika, akalisha mtoto wangu, na hakuniuliza ni nini mpaka jioni.

Asante kwa kumlaza vizuri. Asante kwa kuniandikia lile neno la mkono wangu. Nimelikunja ndani ya Biblia.

Wewe ni mkubwa, nami nitanyamaza. Lakini kunyamaza na kudanganya ni mambo mawili. Sitaandika "Mama mzima anakusalimu", mkono wangu utakataa. Na siku atakayoniuliza wazi nitamjibu wazi. Nakuambia mapema ili usiseme nilikuzunguka.

Mkeo na watoto uwape pole yangu.

Jerop


Chuo cha Walimu
9 Februari 1958

Mama Chepkemoi,

Barua yako ya mwezi uliopita ilikuwa fupi kuliko hati ya kodi. Najua siku zako zimekaribia. Nakuombea asubuhi na usiku.

Jana, ndani ya theluji, tulipelekwa kwenye kanisa kuu ambalo walilijenga kwa miaka mia moja na arobaini. Aliyeweka jiwe la kwanza hakuona paa, wala mwanawe hakuliona. Mwambie Mama kwamba safari hii niliuliza maji kabla hawajafunga mlango wa basi. Yalitoka mtoni, kwa punda. Lakini swali jipya kutoka kwake sijapata tangu Desemba, na ninalingoja. Wenzangu hata wananiuliza, mama yako anasema nini wiki hii?

Kuhusu ile kadi, nilikusudia. Lakini gazeti la mji huu limeandika habari ya kile kibuyu, kijiti cha mvua na yote, na picha yangu. Mkuu wa chuo alinishika bega mbele ya watu. Nikisema leo kwamba nilibuni, watasema nini juu ya mengine yote ninayowaambia kuhusu kwetu? Nafikiri tuliache. Ni kibuyu kimoja, na walioko huku wote hawatakiona kingine.

Kipkemei


Njoro
5 Machi 1958

Baba Chepkemoi, na sasa baba wa wawili,

Binti amezaliwa tarehe ishirini na tatu Februari, kabla ya ibada. Alikuja kwa haraka hata mkunga alimkuta ameshafika. Ni Wangare aliyempokea, kwa mikono yake, na kanga yake mpya ndiyo iliyomfunika. Kwa ile haraka tunamwita Chepchirchir. Ana kichwa chako, pole yangu mimi. Ni mzima, analia kwa sauti nzuri, na mimi nalala vipande vipande kama mtu anayesafiri na treni ya mizigo.

Wanawake wa kwenu walikuja, na wakamwita jina la ukoo. Hayo nitakuandikia nikiwa na nguvu.

Unataka swali. Hili ni langu mimi: katika yale majumba yote, watoto walinyonyeshwa chumba gani, na aliyenyonyesha alilala saa ngapi?

Sasa ya kadi. Umeandika "tuliache". Sitaliacha. Unasema hawatakiona kibuyu kingine. Ndiyo sababu kile kimoja kiseme kweli. Mimi nimemzaa binti wa pili juzi, na siku moja atashika sosiot, na sitaki asome popote kwamba anachokishika ni cha wazee wa mvua. Ulipoomba kwenda nilisema ndiyo, na sijakuomba kitu. Leo naomba hiki. Nenda kwa Missi Pell kabla hujaniandikia tena.

Nakupenda, na ninakushukuru kwa shali uliyotuma. Chepchirchir amelala ndani yake sasa hivi. Lakini nenda.

Jerop


Chuo cha Walimu
30 Machi 1958

Mama Chepkemoi, Mama Chepchirchir,

Nimesoma barua yako na nimekuwa mwenye furaha na mwenye aibu siku moja. Mpe Wangare mikono yangu yote miwili. Sina neno la kumtosha.

Nimekwenda. Niliomba basi la Jumamosi lipite tena kwa Missi Pell, ili wawepo wote waliopiga makofi. Nilisimama mbele ya kioo nikasema: nilichowaambia hapa nilikibuni, kwa sababu hii ni kazi ya wanawake, na sikuijua, na niliona haya kusema sijui. Halafu nikatoa barua yako ya Desemba nikaisoma nikiitafsiri, maji ya moto, mtende, senetwet, mkono wa haraka. Nilipofika kwa mimba mbele na mtoto anavuta nguo nyuma, mwalimu mmoja wa Ceylon alivua miwani akaipangusa. Mwenzangu wa Ghana alisema, "Basi mvua hii yote si kosa lako." Tukacheka, na ikawa imekwisha. Nilikuwa nimeogopa mlima, nikakuta ni kichuguu.

Missi Pell hakunikasirikia. Alisema katika nyumba ile nzima hakuna kadi inayotaja mtu aliyekitumia kitu, zinataja tu ofisa aliyekileta. Akaniuliza majina. Kadi ya sasa inasema hivi:

"Kibuyu cha maziwa, pamoja na ufagio wake. Kazi ya wanawake, kila siku. Wameeleza Cheptanui wa Olenguruone na mkwewe Jerop wa Njoro, Kenya."

Mwambie Mama jina lake liko nyuma ya kioo, karibu na panga za wakubwa. Nataka kujua atasema nini.

Na sasa naomba unijibu. Najua wanawake wakimwita mtoto jina hutaja wazee wetu waliokufa, mmoja mmoja, mpaka mtoto apige chafya, na aliyetajwa wakati ule ndiye aliyerudi. Hukuniambia alipiga chafya kwa nani. Nadhani ni nyanya yangu, mama yake Baba. Na jambo jingine: tangu ule uongo wangu, Mama hajanitumia hata neno. Hata swali la Machi ulisema ni lako. Naona nilimwudhi kuliko alivyoonyesha kwa kicheko. Niambie wazi, Jerop. Mama amenikasirikia?

Kipkemei


Njoro
11 Aprili 1958

Baba Chepkemoi,

Umeniuliza wazi. Keti kwanza, leo ni zamu yangu kuagiza.

Mama hajakukasirikia. Hakukukasirikia hata siku moja. Mama amefariki, tarehe kumi na mbili Januari, alfajiri, nyumbani kwa shemeji Kimaiyo, kwa kile kifua. Alizikwa kesho yake. Sikuwepo, nilikuwa siwezi kupanda lori. Nimejua miezi mitatu, na nimekuandikia mara mbili nikiwa najua.

Shemeji aliniagiza ninyamaze, kwa kuogopa kwamba utaacha masomo. Usimlaumu, aliubeba msiba peke yake tangu alfajiri ile na alikuwa amekwisha sema lawama ni yake. Leo asubuhi nimemwandikia kwamba nakuambia. Maneno ya mama yako yalikuwa, "Asiitwe kabla hajamaliza." Nimeyageuza usiku mwingi nikinyonyesha. Alisema usiitwe. Hakusema usiambiwe. Kwa hiyo mimi sikuiti. Nakuambia tu.

Nilikulazimisha ukasimame mbele ya watu usahihishe kadi ya kibuyu, na mimi nimekaa juu ya jambo kubwa kuliko kibuyu. Niliposoma kwamba umesimama, na unafikiri amekukasirikia, sikuweza kumaliza chai. Nisamehe.

Sasa ya jina. Wanawake walikaa na mtoto mapajani mwa shangazi yako. Wakataja nyanya yako, mama yake Baba. Kimya. Wakataja dada zake. Kimya, mtoto anatazama paa. Mimi nilikuwa naomba moyoni asipige chafya kwa jina moja, maana nilijua nikiliandika utajua, na nisipoliandika nitakuwa nimemficha mtoto kwa baba yake. Wakasema, Cheptanui. Hawakuwa wamemaliza kulitamka. Alipiga chafya mbili.

Ndiye huyo uliyemweka nyuma ya kioo. Yuko hapa pia, amelowesha shali yako.

Kuna deni moja. Siku ile ya Desemba alipokuwa anapanda lori, aligeuka akaniambia nikuandikie swali, nami barua ilikuwa imeshaondoka. Nimelihifadhi. Alisema, "Mwulize, hizo Jumamosi wanaonyeshwa nyumba za wafalme. Je, nyumba za waliobeba mawe wanawaonyesha?"

Ukitaka kurudi, ni mama yako, hakuna wa kukuzuia, mimi sitakuzuia. Lakini umenikuta mimi ni mtu wa kusema ninachofikiri. Maliza.

Mkeo,
Jerop


Chuo cha Walimu
4 Mei 1958

Jerop,

Leo nakuita kwa jina. Nimeshindwa kuandika kwa siku kumi.

Mkuu wa chuo alisema nikitaka, tiketi itapatikana. Nilifunga sanduku. Halafu nikasoma tena, "Alisema usiitwe," na nikalifungua. Nitamaliza. Mtihani ni mwezi ujao, na meli ni tarehe kumi na nane Juni.

Jumamosi iliyopita wenzangu walikwenda kuona jumba la bwana fulani. Mimi nilipanda basi la kawaida peke yangu mpaka kwa Missi Pell. Nilimwambia kuhusu lile jina kwenye kadi yake. Alileta ufunguo, akafungua kioo, akaniwekea kibuyu mikononi, akaenda kusimama dirishani akanipa mgongo.

Nilifungua kifuniko nikakinusa. Miaka hamsini na zaidi nyuma ya kioo, na senetwet bado iko. Ni mkono wa mama wa mtu, ambaye hata jina lake hatutalijua kamwe, lakini hakuwa na haraka. Nililia kama mtoto, na niliona afadhali kulia hapo kuliko mahali pengine popote katika nchi hii.

Nimeuliza swali lake. Nimemwuliza yule mzee wa ngome, na wa kanisa kuu nimemwandikia barua. Jibu ni moja: nyumba zao hazipo, zilikuwa za miti na udongo kama zetu. Na majina yao hakuna aliyeyaandika. Mzee wa ngome alisema ameona haya kunijibu hivyo.

Sikulaumu kwa kunyamaza. Ulibeba mimba, na msiba, na uongo wa watu wawili, na debe la maji. Asante kwa kunyamaza wakati mimi nisingeweza kustahimili, na asante zaidi kwa kutonyamaza. Kaka nimemwandikia, na barua yake nimeianza kwa shukrani.

Mwambie Cheptanui mdogo baba yake anakuja.

Kipkemei


Njoro
2 Julai 1958

Baba Cheptanui,

Hii naituma Mombasa, kwa ofisi ya bandari, ikungoje. Wasije wakakupeleka kuona ngome nyingine hapo ukakosa treni.

Shemeji Kimaiyo alishuka wiki jana. Alikaa mlangoni, halafu akaomba ashike mtoto. Alimwita Mama, kwa sauti ndogo, na mtoto akamshika kidole. Alipoondoka aliniambia, "Ulifanya vizuri kunikaidi." Nikamwambia, "Sikukukaidi, nilikuonya mapema." Akacheka, kicheko kile kile cha Kogo.

Karanja amerudi. Amekonda, lakini amerudi, na Wangare anaimba akichota maji. Sasa debe la pili nalichota mimi, la kwake.

Jana nimechukua kibuyu cha Kogo. Nimekiosha, nimekianika siku nzima ingawa jua lilikuwa la kuvizia, nimechoma senetwet. Chepkemoi alitaka kushika sosiot. Nikamwachia, akazungusha mara mbili akachoka. Nikamrudisha. Akazungusha tena akachoka. Nikamrudisha mara ya tatu.

Maziwa nimeyatia leo. Ukishuka Njoro yatakuwa na siku tisa. Onja kwanza, halafu ndipo utuambie habari za ng'ambo. Nataka kujua kama ulimi wako utautambua mkono.

Jerop